Kuchagua holsta: ya kubebea kwanza, ya mashindano baadaye

Mtu akishapata leseni, pesa zote huishia kwenye bastola. Atauliza huku na huku, atalinganisha Glock na Ceska mpaka wenzake wachoke, kisha holsta, yaani ala ya kuvalia bastola mwilini, anachukua iliyobaki kwenye kabati la muuzaji: ya nailoni, laini, iliyoandikwa kwamba inatoshea bastola zote. Haichukui muda bastola inaanza kulala kwenye sefu kila siku kwa kuwa inamchoma mbavu. Wengine hufanya kibaya zaidi, wanaichomeka kiunoni hivyo hivyo, bila kitu chochote kati ya kifyatulio na shati.

Haya nimeyaandika kwa mwenye leseni halali, hasa wa Kenya, ambako raia hubeba bastola ikiwa imefichwa na ambako mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola yana wafuasi wengi siku hizi. Mwenye leseni wa Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, atayafaidi pia, na hata aliyeko Marekani, mradi asome sheria za jimbo lake.

Msimamo wangu ni huu: hakuna holsta moja inayofanya kazi zote mbili vizuri. Ya kubebea inafichwa, inashika, inavumilia jasho na viti vya gari. Ya mashindano inaachia bastola haraka na haijali kuonekana. Nunua ya kubebea kwanza, shindana nayo mahali inapokubalika, na ya mashindano isubiri mpaka ujue unacheza mchezo gani.

Kabla ya yote: bastola tupu

Kila jaribio lililoelezwa hapa linafanywa kwa bastola isiyo na risasi. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), utazame chemba (tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa) kwa macho na uipapase kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo, ukavuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, utatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Chagua ukuta wa zege au wa mawe usio na mtu nyuma yake, na mdomo wa bastola uelekee huko muda wote. Mabati na mbao havizuii risasi.

Hatua ya 1: Anza na kabati la nguo

Wengi huanza na picha ya holsta. Wewe anza na nguo unazovaa Jumatatu hadi Ijumaa, maana hizo ndizo zitakazoificha, na ukinunua holsta inayokudai ubadilishe mavazi yote, utaiacha nyumbani.

Shati la kuchomekea ndani ni gumu kuficha chochote chini yake. Shati la kuachia nje, hasa la kitenge lenye maua na michoro, linaficha kuliko karibu vazi lolote, kwa sababu jicho linafuata michoro na kupotea, halishiki umbo la kitako cha bastola. Shati jeupe la kitambaa chepesi linaanika kila kona. Kaunda suti nayo ni rafiki wa mbeba bastola: koti lake linakaa nje, lina urefu, lina kitambaa kizito. (Spika wa Bunge la Kenya aliizuia bungeni mwaka 2023, lakini mtaani hakuna aliyeizuia.) Koti la suti linafaa mradi uwe tayari kukaa nalo mchana kutwa. Mombasa au Kisumu utajuta kabla ya saa sita.

Kanzu ni mtihani. Hata ukificha vizuri, kuifikia bastola chini ya kanzu ndefu kunachukua muda na mikono miwili. Anayevaa kanzu kila siku afikirie kwa dhati kama anahitaji kubeba siku hizo.

Wanawake wana shida zao ambazo wauzaji wengi hawazijui. Suruali za kike hukaa juu zaidi kiunoni, nyonga zinatoka nje, na bastola ya kuwekwa nyongani inasukumwa kitako chake kuelekea mbavu. Kwa wengi wao holsta ya mbele, au ile inayokaa chini kidogo ya mshipi, ni nafuu. Gauni lisilo na mshipi linabaki na mkanda mpana wa tumbo wenye mfuko, na huo ukubalike tu ikiwa una ganda gumu linalofunika kifyatulio. Mkoba wa mkononi siupendekezi: mkoba unaporwa, unaachwa kitini, unachunguliwa na mtoto anayetafuta peremende. Anayeushikilia lazima apate mkoba wenye chumba chake peke yake, chenye holsta ngumu ndani, na asiuvue begani hata mezani.

Hatua ya 2: Chagua mahali mwilini

Walenga shabaha hutaja mahali kwa namba za kwenye uso wa saa: 12 ni kitovuni, 3 ni nyonga ya kulia, 6 ni uti wa mgongo. (Ni namba zilivyochorwa, si saa za Kiswahili. Usije ukaambiwa "tatu" ukaiweka kushoto.) Anayetumia mkono wa kushoto ageuze.

Nyongani, 3 hadi 4, ndiyo sehemu ya kuanzia kwa watu wengi. Mkono unaifikia kwa urahisi, mdomo wa bastola hauelekei mwili sana, na ndiyo sehemu ambayo mashindano karibu yote yanaikubali. Kasoro yake ni kuinama: ukiokota kitu, kitako kinajichora mgongoni chini ya shati. Kwa anayeswali hili ni la kila siku, kwa kuwa rukuu inavuta shati kutoka nyuma. Holsta inayoinamisha bastola mbele kwa nyuzi 10 hadi 15 inapunguza tatizo. Kuipeleka nyuma zaidi ya 4 kunaliongeza.

Mbele, kati ya 12 na 1, kunaitwa na wengi kubeba kwa mbele au tumboni. Inafichika vizuri sana, unaiona unapoirudisha, na mikono yote miwili inaweza kuilinda ukibanwa kwenye umati. Lakini mdomo wa bastola unaangalia kinena na mshipa mkubwa wa damu wa paja. Kosa moja hapo halina msamaha. Sehemu hii ni ya mtu aliyekwisha kufundishwa, mwenye holsta ngumu, na mwenye nidhamu ya kurudisha bastola taratibu. Mwenye kitambi ajaribu akiwa amekaa kabla ya kulipa.

Mgongoni, kwenye 6, paache. Huioni, huwezi kuilinda, na ukianguka chali unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Kwapani kunapendeza kwenye sinema, ila ukiitoa, mdomo unapita juu ya mkono wako mwenyewe na juu ya watu waliosimama nyuma na kando, na ndiyo maana IDPA na IPSC, vyama vya mashindano ya bastola, hawaruhusu kabisa. Kwenye kifundo cha mguu ni kwa bastola ndogo ya akiba, na polisi waliozoea.

Ukishajua mahali, amua kama itakaa ndani ya suruali au nje ya mshipi. Ya ndani inafichika zaidi, ila suruali iwe kubwa kwa saizi moja hivi kiunoni. Ya nje ni raha kukaa nayo na rahisi kurudishia bastola, lakini inadai koti au shati refu, kwa kuwa ncha ya holsta inashuka chini ya mshipi.

Hatua ya 3: Inatengenezwa kwa nini

Kydex ni plastiki ngumu ya vipande bapa. Ilitengenezwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya ndani ya ndege, kabla ya mafundi wa holsta kugundua kwamba ukiipasha moto inalainika, ukiibana juu ya bastola inachukua umbo lake, na ikipoa inabaki hivyo. Hainywi jasho, haipanuki kwa unyevu, mdomo wake haujifungi bastola ikitoka, na ukirudisha bastola unasikia mlio wa kujifunga. Kwa mtu wa Pwani, ambako ngozi inaota ukungu ndani ya kabati, mimi sioni sababu ya kutafuta kingine. Kasoro yake: inakwaruza rangi ya slaidi, na ikikatwa vibaya kingo zake zinachubua ngozi yako.

Ngozi nzuri ni tamu mwilini na haina kelele. Lakini inahitaji kutunzwa, inahifadhi jasho linalotia chuma kutu, na ikizeeka inalegea. Kulegea huko si suala la sura tu. Mkunjo wa ngozi ukiingia kwenye pete ya kifyatulio wakati unasukuma bastola ndani, ngozi ndiyo inayovuta kifyatulio. Imetokea, na watu wameumia. Ukichagua ngozi, mdomo wake uwe umeimarishwa kwa bamba la chuma au tabaka la pili, na siku utakapoona unaanza kukunjamana, holsta hiyo imekwisha.

Zipo za mchanganyiko, ganda la Kydex juu ya kipande cha ngozi au kitambaa kinachokaa mwilini. Ni laini, ila kile kipande nacho hulegea na kujikunja kwa juu, kwa hiyo kichunguze kama ngozi.

Nailoni laini ya kutoshea bastola zote, kaa nayo mbali. Haishiki, haifuniki kifyatulio kwa kitu kigumu, na mdomo wake unajifunga bastola ikitoka. Halikadhalika sumaku za kubandika bastola na klipu za kuning'iniza bastola bila holsta.

Hatua ya 4: Ijaribu kabla ya kuiamini

Chukua muda hapa, maana majaribio haya yanamaliza mjadala na muuzaji kuliko maneno yoyote. Kama muuzaji hakuruhusu kujaribu, kubaliana naye mapema kuhusu kurudisha.

Kifyatulio ndicho cha kwanza. Weka bastola tupu ndani, uitazame holsta kutoka pande zote. Pete ya kifyatulio iwe imefunikwa yote, pande zote mbili. Kisha bonyeza kwa nje, kwa kidole gumba, mahali kifyatulio kilipo. Ukihisi kifyatulio kinasogea au ganda linabonyea hadi kukigusa, irudishe. Tahadhari ya pekee kwa wenye tochi iliyofungwa chini ya mtutu: holsta za namna hiyo hubana tochi badala ya bastola, na mara nyingi zinaacha mwanya mpana karibu na kifyatulio. Angalia kama kidole kinapita.

Halafu mshiko. Ishike holsta juu ya godoro, uipindue kichwa chini, uitikise. Bastola isitoke. Kisha ivute kama unavyoivuta kawaida. Isikulazimishe kupandisha suruali yote. Holsta nyingi za Kydex zina skrubu ya kurekebisha hilo, igeuze robo robo.

Mkono nao. Bastola ikiwa ndani, uweze kuishika kwa mshiko kamili wa kufyatulia, vidole vitatu chini ya pete ya kifyatulio, bila kidole kugonga mshipi wala ukingo wa holsta. Ikibidi urekebishe mshiko baada ya kuitoa, holsta inakaa chini mno au imekatwa vibaya.

Kisha mdomo wa holsta. Toa bastola, vaa mshipi, kaza. Tundu libaki wazi kiasi cha kuingiza bastola kwa mkono mmoja. Ukihitaji mkono wa pili kulipanua, utakuwa unaelekeza mdomo wa bastola kwenye kiganja chako.

Mwisho klipu. Vuta bastola kwa nguvu mara kadhaa uone kama holsta inang'oka pamoja nayo. Klipu za plastiki nyembamba ndizo zinazosaliti hapa. Vitanzi vinavyofungwa kwa skrubu au vishikizo vya chuma vinakaa vizuri zaidi.

Je, vifungio vya ziada? Watengenezaji huzungumzia ngazi: ya kwanza inashika kwa msuguano tu, ya pili ina kifungo kimoja cha kufungua, ya tatu viwili. Askari aliyevaa sare, ambaye bastola yake iko wazi na mtu yeyote anaweza kuirukia, anahitaji ya pili au ya tatu. Raia ambaye bastola yake haijulikani ilipo hutosheka na msuguano mzuri. Kuna aina moja ya kifungo ninayoikataa hata kwa bure: ile inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kwa kidole cha shahada. Kidole kinachobonyeza kwa nguvu wakati bastola inatoka kinaendelea kubonyeza, na kinachokutana nacho ni kifyatulio. Viwanja na vyuo vingi vya Marekani viliipiga marufuku kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu kutoshea, nunua ya bastola yako kamili kwa jina na namba. Holsta ya Glock 17 iliyo wazi kwa chini inaipokea Glock 19 pia, lakini si kinyume chake. Ceska zina familia kubwa, na CZ 75 na P-07 hazitumii holsta moja hata kama zote huitwa Ceska. Ukipanga kuweka kilenga cha nukta nyekundu juu ya slaidi, hakikisha holsta imekatwa nafasi yake.

Hatua ya 5: Mshipi

Holsta ya bei ghali kwenye mshipi laini wa duka la nguo ni pesa iliyopotea. Glock 19 tupu ina gramu 600 hivi, na ukiijaza risasi uzito unapanda mpaka karibu gramu 850. Mshipi wa kawaida unajipinda, kitako kinaegemea nje, na bastola inajichora.

Tafuta mshipi wa upana wa milimita 38 hivi, wenye ugumu ambao hauukunji kirahisi kwa ubapa wake. Ngozi ya tabaka mbili iliyoshonwa inafaa, na hapa fundi wa ngozi wa Kariokor anaweza kukufanyia kazi nzuri kuliko ya kuagiza. Mpe vipimo vya mshipi na vya vitanzi vya holsta. Bastola yenyewe usimpelekee, kwa kuwa silaha haiachwi mikononi mwa asiye na leseni hata kwa dakika tano za kupima. Kama unabeba ndani ya suruali, pima kiuno holsta ikiwa mahali pake.

Kwa kubeba mbele, mshipi uwe mwembamba na laini kidogo mbele, na holsta iwe na ukucha, kipande kidogo kinachosukumwa na mshipi ili kitako kigeukie tumboni. Wengine huongeza kabari ya sponji chini ya holsta ili sehemu ya juu ilale ndani. Vitu vidogo hivi viwili hufanya tofauti kubwa kuliko kubadilisha bastola.

Hatua ya 6: Ishi nayo nyumbani, tupu

Wiki mbili za kwanza ivae nyumbani bila risasi. Kaa kwenye kochi, funga kamba za viatu, beba mtoto, panda ngazi, kaa kwenye gari lililoegeshwa na ufunge mkanda wa kiti. Waliobeba nyongani hugundua hapa kwamba mkanda wa gari unagombana na kitako cha bastola. Simama mbele ya kioo, nyoosha mkono kama unachukua kitu rafuni. Shati likipanda, refusha shati au shusha holsta.

Zingatia pia kujigusa. Wabebaji wapya hupapasa kiuno kila dakika chache kuhakikisha ipo, na hilo linatangaza kuliko bastola yenyewe. Holsta nzuri na mshipi mzuri huiondoa tabia hiyo, kwa sababu kitu hakisogei.

Choo kinahitaji mpango, na usicheke. Bastola nyingi husahaulika au kuanguka huko. Isiwekwe juu ya tangi la maji wala kutundikwa kwa pete ya kifyatulio kwenye msumari wa mlango. Iache ndani ya holsta, holsta ibaki kwenye mshipi, mshipi ufungwe tena magotini ili suruali isimwage mzigo, na bastola ikae ndani ya suruali ambapo jirani wa chumba cha pili haioni.

Kwenye malango ya maduka makubwa ya Nairobi, ambako upekuzi umekuwa wa kawaida tangu shambulio la Westgate mwaka 2013, mwambie mlinzi kwa sauti ya chini kwamba una leseni kabla kifaa hakijalia. Mikono ionekane, na usiinue shati kumwonyesha. Fuata anachosema, hata akikuambia usiingie. Na jioni ya vinywaji, bastola ilale kwenye sefu.

Mazoezi ya kutoa na kurudisha yafanye hapo hapo nyumbani, ikiwezekana kwa risasi bandia za plastiki. Kutoa kuna hatua zake: mkono wa kushoto unainua shati juu kabisa mpaka kifuani, wa kulia unashika mshiko kamili, bastola inapanda wima, inageukia mbele, mikono inakutana. Kidole cha shahada kinakaa kando ya slaidi muda wote huo.

Kurudisha ndiko kunakoumiza watu. Hakuna anayekushindanisha kurudisha haraka, hata mashindanoni saa imekwisha kusimama. Simama, tazama holsta, ondoa shati na zile kamba za jaketi zinazoning'inia na kufungwa kwa vishikizo vya plastiki, maana hizo huingia kwenye pete ya kifyatulio. Kidole kiwe mbali. Mwenye bastola yenye nyundo, kama CZ 75, aweke kidole gumba juu ya nyundo anapoisukuma: kifyatulio kikivutwa na kitu, nyundo itasukuma kidole kabla mambo hayajaharibika. Glock haina nyundo ya nje wala kizuizi cha kidole gumba, kwa hiyo holsta na macho yako ndiyo ulinzi uliopo. Kwa aliyebeba mbele, sukuma nyonga mbele na uegemeze kiwiliwili nyuma kidogo, ili mdomo uangalie mbali na paja. Ukihisi kitu kinazuia, usisukume. Toa, tazama, anza upya.

Hatua ya 7: Ipeleke kwenye mashindano yanayoitambua

Hapa ndipo IDPA inapopendeza. Chama hiki kiliundwa Marekani mwaka 1996 na watu walioona mchezo wa bastola umeegemea mno kwenye vifaa vya kushindania kasi, wakataka mashindano ya bastola na holsta ambazo mtu angezibeba mtaani. Kenya inachezwa, na uwanja wa Kirigiti, Kiambu, unajulikana kwa mashindano hayo. Mlengaji anavaa vazi la kuficha, mara nyingi kizibao cha mifuko mingi, anajificha nyuma ya vizuizi, na alama anazopoteza zinageuzwa kuwa sekunde: kila pointi moja, sekunde moja juu ya muda wake. Kulenga vibaya kwa haraka hakulipi.

Masharti ya holsta yanakwenda sambamba na tuliyoyasema. Ishike bastola, izuie kabisa kifyatulio kufikiwa, ikae upande wa mkono wenye nguvu, iwe ya aina ambayo mtu angeweza kubeba siku nzima. Vya kwapani, vya kifundoni na vya kuvukisha mkono upande wa pili havikubaliki. Ukinyoosha mikono kando sambamba na ardhi, vifaa visionekane. Kubeba kwa mbele kulikatazwa kwa miaka mingi, na hadi leo jibu linategemea kanuni zinazotumika na mwenye mashindano, kwa hiyo muulize kabla ya kulipa ada. Kama holsta yako ya kila siku ni ya mbele, tafuta ya nyongani kwa ajili ya uwanja.

Shindano la kwanza litakufundisha kuhusu holsta yako mambo ambayo kioo cha nyumbani hakikuonyesha. Shati linanasa. Kipochi cha magazini kimekaa nyuma mno. Holsta inateleza kwenye mshipi ukikimbia. Andika, rekebisha, rudi.

Hatua ya 8: Holsta ya mashindano, ukiihitaji

IPSC ni mchezo mwingine. Shirikisho lake liliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na hesabu yake inagawa pointi kwa muda, kwa hiyo kasi ina thamani kubwa na holsta imebadilika kuifuata. Hakuna kuficha. Bastola hukaa nje, mbali kidogo na mwili, kwenye mshipi wa vipande viwili: wa ndani unapita kwenye vitanzi vya suruali, wa nje mgumu unabandikwa juu yake kwa velkro. Ukishauvaa hausogei.

Divisheni, yaani daraja la vifaa unaloshindania, ndiyo inayoamua unanunua nini. Ukicheza Production, divisheni ya bastola za kiwandani zisizobadilishwa sana, ambako CZ Shadow 2 ni ya kawaida, holsta ni ya Kydex inayofunika kifyatulio, ikae nyuma ya mfupa wa nyonga, na bastola isiwe zaidi ya milimita 50 kutoka kiwiliwilini. Ukienda Open, divisheni yenye uhuru mkubwa wa vifaa, unaweza kutumia zile za kasi, ambazo hazina ganda: zinaikamata bastola kwa pete ya kifyatulio na kufungwa kwa swichi. Zinaachia haraka ajabu, na hazifai kabisa nje ya uwanja. Usianze nazo. Katika divisheni zote, ukisimama kawaida, mdomo wa bastola iliyo kwenye holsta usielekee nje ya mita moja kutoka miguuni pako, na kitako kisishuke chini ya ukingo wa juu wa mshipi. Zile zinazofungwa pajani kama za wanajeshi zitakurudisha nyumbani.

Viambatisho vinavyoishusha holsta na kuisogeza mbali na mwili ni vya kawaida IPSC, ila IDPA kwa kawaida watakukatalia. Ndiyo sababu nasema ujue mchezo wako kabla ya kununua. Anayecheza yote mawili ataishia na mishipi miwili, na ni heri hivyo kuliko kufungua na kufunga skrubu kila mwisho wa wiki.

Jambo moja la hatari kwa wanaobadilishabadilisha: mikono huzoea. Ukifanya mazoezi mwezi mzima na holsta ya nyongani iliyo wazi, kisha Jumatatu ukabeba mbele chini ya shati, mkono utaenda nyongani kwanza. Kila ukirudi kwenye holsta ya kila siku, fanya mazoezi ya kutoa bila risasi kabla ya kutoka nyumbani nayo.

Matunzo

Kydex ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uikaushe, basi. Usiiache juu ya dashibodi juani, inaweza kulainika na kupoteza umbo. Ngozi ifutwe jasho kila siku na ipakwe mafuta yake kidogo kidogo. Usihifadhi bastola muda mrefu ndani ya holsta ya ngozi, kwani inavuta unyevu.

Skrubu zifungue mara moja, uzipake gundi ya skrubu ya rangi ya buluu (ile inayofunguka kwa bisibisi, si nyekundu), uzikaze tena. Kisha chukua rangi ya kucha, chora mstari mwembamba kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye holsta. Kila asubuhi kabla ya kuvaa, angalia mistari hiyo: ukiona umekatika, skrubu imeanza kulegea.